Kinachoziua Runinga za Gusii

Kwenye maduka ya vifaa vya umeme mjini Kisii, mnunuzi wa runinga huuliza swali moja hata kabla ya bei: "Kati ya hizi, gani inakaa?" Muuzaji hutaja jina la kampuni, mnunuzi naye humtaja jirani ambaye ya kampuni iyo hiyo ilimfia kabla ya mwaka kuisha, na ubishi huanzia hapo. Ukipanda hadi Keroka, mji ambao upande mmoja ni kaunti ya Kisii na upande mwingine ni Nyamira, utalikuta swali lile lile. Nadhani linaulizwa mahali pasipo pake. Jina lililoandikwa chini ya kioo lina uzito wake na nitalifikia, lakini runinga nyingi zinazoletwa kwa mafundi wa Gusii, yaani wa kaunti hizo mbili, zimeuawa na mambo ambayo kiwanda hakikuyaona: laini ya stima, radi ya alasiri, kitambaa kilicholowa maji, safari ya pikipiki. Anayetaka kujua runinga yake itadumu miaka mingapi angeanza kwa kuikagua nyumba itakamowekwa.

Kwanza tuelewe kinachouzwa. Karibu kila runinga bapa inayouzwa kwa jina la LED ni LCD. Kioo chake hakitoi mwanga hata chembe. Kazi yake ni kufungua na kufunga vijidirisha vidogo mno vya rangi nyekundu, kijani na buluu, huku mwanga ukitoka kwenye taa za LED zilizopangwa nyuma yake au ukingoni. Zamani kidogo taa hizo zilikuwa mirija myembamba yenye zebaki. Runinga za plasma, zilizojitengenezea mwanga wake, viwanda vikubwa viliacha kuziunda kufikia mwaka 2014 hivi, na OLED, ambazo pia hujiangazia, bado ni za wenye mifuko mirefu. Kwa hiyo nyumbani kwa mwalimu wa Nyansiongo au mkulima wa ndizi wa Suneka kuna kioo, kuna taa nyuma ya kioo, kuna bodi zinazoviamrisha viwili hivyo, na kuna picha inayoletwa kutoka nje kwa antena, dishi au king'amuzi. Kila ugonjwa wa picha unatoka kwenye mojawapo ya sehemu hizo nne, na mara nyingi macho peke yake yanatosha kusema ni ipi.

Malalamiko yanayosikika zaidi ni haya: sauti ipo, picha hakuna. Mwenye runinga hudhani kioo kimekufa, na kwa kuwa ameshasikia kwamba kioo hakitengenezeki, huanza kutafuta wa kumuuzia mzoga. Angezima taa ya sebule kwanza, akamulika kioo kwa tochi ya simu kwa kuinamisha kidogo. Akiona kivuli cha mtangazaji kinasogea humo ndani gizani, kioo ni kizima na bodi kuu ni nzima. Kilichokufa, mara nyingi, ni taa za nyuma, zile ambazo mafundi huziita bakilaiti.

Taa hizi zinastahili maelezo marefu kwa sababu ndizo zinazoziangusha runinga nyingi za bei nafuu. Kwenye runinga ya inchi 32 huwa kuna vipande viwili au vitatu vya bati jembamba, kila kimoja kikiwa na LED kadhaa za volti tatu au sita. Zimeunganishwa kwa mfululizo, kama shanga kwenye uzi mmoja: taa moja ikikatika, zote huzimika. Ndiyo maana runinga inaweza kulala ikiwa nzima na kuamka kipofu. Wakati mwingine huwaka kwa sekunde moja, picha ikaonekana, kisha giza. Hapo sakiti inayolisha taa imegundua kwamba kuna LED yenye hitilafu na imejizima ili isiungue. Kabla ya kufa, taa nyingi hutoa onyo. Weupe wa picha huanza kuegemea buluu au zambarau, kwa sababu ile dawa ya manjano iliyopakwa juu ya LED imechomwa na joto. Au yanatokea madoa meupe ya mviringo yanayong'aa kama yametobolewa. Hiyo ni lenzi ndogo ya plastiki iliyobanduka gundi na kuiacha LED ikimulika moja kwa moja. Doa la namna hiyo haliui, ila linaudhi, hasa kwenye uwanja wa kijani wakati timu ya Shabana inacheza.

Watengenezaji wa LED huahidi saa 30,000 au zaidi. Piga hesabu. Familia inayotazama saa tano kwa siku ingezimaliza kwa zaidi ya miaka kumi na sita. Hoteli ya chai ya stendi inayowasha runinga saa kumi na sita kila siku ingezimaliza kwa miaka mitano. Mbona basi nyingine huzimika kwa miaka miwili au mitatu zikiwa sebuleni tu? Hapa ndipo jina la kampuni linapopata uzito. Ahadi ya saa hizo hutegemea LED kupewa mkondo wa wastani na kupata mahali pa kutolea joto. Kiwanda kinachobana senti huweka LED chache, huzisukuma kwa mkondo mkubwa ili runinga ionekane angavu dukani, na huzibandika kwenye bati jembamba lisilopoza. Mnunuzi naye huiacha ilivyotoka kwenye boksi, mwangaza ukiwa 100, pengine hata katika ile hali ya maonyesho ya dukani ambayo rangi zake humpumbaza mpita njia. Sebule ya Gusii jioni, mapazia yakiwa yamefungwa, haihitaji mwanga huo. Kushusha bakilaiti hadi 50 au 60 ni jambo la dakika moja, halina gharama, na sijui hatua nyingine inayoongeza umri wa runinga kiasi hicho kwa bei ya bure. Kuna jambo la kuangalia, hata hivyo: kwenye menyu nyingi neno la mwangaza hubadilisha tu weusi wa picha. Unalotaka ni lile linalozipunguza taa zenyewe, na ukilishusha utaona kioo kizima kikififia.

Mafundi wazuri wa Kisii na Nyamira wanaijua siri hii kuliko wauzaji. Wanapobadilisha vipande vya taa, wengi hupunguza pia mkondo kwa kuongeza au kutoa rezista moja kwenye bodi. Runinga hurudi ikiwa hafifu kidogo lakini haijichomi tena. Fundi anayeweka taa mpya bila kupunguza chochote anamtengenezea mteja safari ya pili. Na yule anayeruka LED iliyokufa kwa kuiunganisha kwa waya, akaziacha nyingine za zamani zibebe mzigo, anauza miezi michache tu. Ni haki yake kama mteja ameambiwa na amekubali, maana si kila mtu ana pesa za seti nzima mwezi huu. Asipoambiwa, huo ni wizi.

Mistari ni hadithi nyingine. Mstari mmoja wima, mwembamba, unaobaki palepale hata ukibadilisha stesheni au ukifungua menyu, hautoki kwa king'amuzi wala kwa antena. Kwenye ukingo wa kioo kuna riboni laini za plastiki zenye chipu, zimegandishwa kwenye kioo kwa joto na shinikizo, na kila riboni hulisha mamia ya safu za vijidirisha. Gundi ikiachia kidogo, mstari hujitokeza. Riboni ikifa, ukanda mzima huwa mweusi au mweupe. Ukibonyeza fremu taratibu mahali mstari unapoanzia na ukapotea, umeupata ugonjwa, lakini dawa hujaipata. Kuzigandisha upya riboni hizo kunataka mashine maalumu ambayo karakana ya kawaida haina. Fundi wa mtaani hufanya ujanja: hukata njia fulani au huziba pini kwa kipande cha selotepu ili mstari au tetemeko la picha liondoke. Hufaulu mara nyingi, hudumu kwa muda usiotabirika, na anayekuhakikishia mwaka mzima anakudanganya.

Picha ikigawanyika katikati, ikarudufika, au rangi zikageuka kama negativu ya filamu ya zamani, kuna nafuu. Mara nyingi tatizo liko kwenye ile bodi ndogo inayokipangia kioo zamu, T-con kwa lugha ya mafundi, au kwenye kebo yake bapa iliyolegea au kuingia kutu. Kuchomoa kebo, kuisafisha na kuirudisha kumeziokoa runinga nyingi zilizokuwa zimekatiwa tamaa. Siku hizi lakini viwanda vimeunganisha T-con na bodi kuu, au vimeipachika kwenye kioo chenyewe, na kila muunganiko wa namna hiyo humnyang'anya fundi nafasi ya kubadilisha kitu kimoja bila kingine.

Hizo riboni, kwenye runinga nyingi, hukaa upande wa chini, na hapo ndipo linapoingia kosa ambalo naliona la kusikitisha zaidi kwa sababu linafanywa na watu wasafi. Jumamosi ya usafi, kioo hunyunyiziwa maji au sabuni ya madirisha, kisha kikafutwa. Maji hayabaki juu. Huteremka, huingia kwenye ufa kati ya kioo na fremu ya chini, na kukaa juu ya riboni. Runinga ikiwashwa, chipu huungua. Vioo vya dirisha na kioo cha runinga vinafanana kwa macho tu. Kitambaa laini kikavu kinatosha. Kama kuna alama za vidole vya watoto, loanisha kitambaa kidogo, usikiloanishe kioo, na runinga iwe imezimwa na kuchomolewa.

Kioo kilichopasuka hakina mjadala. Kipande hicho kimoja hubeba zaidi ya nusu ya thamani ya runinga nzima, na kwa zile za inchi 32, zinazouzwa kati ya shilingi elfu kumi na elfu ishirini hivi, kununua kioo kingine hakuna maana. Vioo vingi havipasukii ukutani, hupasukia njiani. Runinga hununuliwa mjini, ikafungwa kwa mpira nyuma ya bodaboda ikiwa imelala, ikapandishwa kwa barabara ya changarawe hadi Ikonge au Nyamache. Kioo kilichobuniwa kusimama kikilazwa hujikunja katikati kwa uzito wake, na kila shimo la barabara humalizia kazi. Ufa wenyewe huwa ndani. Nje ni laini kabisa, ndiyo maana mwenye mali huapa kwamba haikuguswa na kitu na muuzaji huapa kwamba iliondoka dukani ikiwa nzima. Isafiri ikiwa imesimama, ndani ya boksi lake, ndani ya matatu, na iwashwe dukani mbele yako kabla hujalipa.

Kuna aina ya ugonjwa wa picha ambao si wa runinga kabisa, na mafundi wangekuwa na foleni fupi kama watu wangeutambua. Tangu Kenya ilipozima mitambo ya analojia mwaka 2015, baada ya mvutano mahakamani na wiki kama tatu ambazo Citizen, NTV na KTN zilitoweka hewani, ule upungufu wa mawimbi uliokuwa ukionekana kama chenga za theluji umebadilika sura. Analojia ilikuwa ikichakaa polepole: mawimbi yakipungua, picha inafifia, bado unaona mpira. Dijitali ama inakupa picha safi ama inakukatia, na katikati kuna sehemu nyembamba tu ambapo picha huvunjika vipande vya miraba, midomo ikaganda, sauti ikakwaruza. Miraba hiyo ni dalili ya mawimbi hafifu. Hakuna kioo kinachoharibika kwa namna hiyo.

Gusii ni nchi ya vilima na mabonde yanayofuatana. Nyumba iliyo kwenye mteremko unaotazamana na mtambo hupata stesheni zote kwa antena ya waya, na ya jirani iliyo ng'ambo ya kilima hicho hicho haipati kitu. Aliye chini ya genge la Manga anajua habari hizi. Kuinua antena kwa mti wa mkaratusi mita mbili tatu zaidi, kuielekeza upya, kubadilisha waya ulioingia maji kwenye maungio: hayo hufanya kazi kuliko runinga mpya. Wanaotumia dishi wana shida ya namna nyingine. Masafa ya setilaiti hunyonywa na mvua nzito, kwa hiyo picha ikipotea wakati wingu jeusi limetanda na kurudi mvua ikikatika, hakuna kilichoharibika. Na picha ikiwa nyeusi na nyeupe kutoka kwa king'amuzi, kagua pini ya manjano nyuma ya runinga kabla ya kumpigia mtu simu. Mara nyingi imechomekwa tundu lisilo lake. Wapo pia wanaoibeba runinga hadi karakana kwa sababu imeandika kwamba hakuna mawimbi, fundi akabonyeza kitufe kimoja cha rimoti, ikawaka. Fundi mwungwana hatozi kitu kwa hilo.

Sasa tuingie kwenye stima, maana hapo ndipo runinga za nyanda hizi zinapofia kwa wingi.

Mradi wa kusambaza umeme hadi mashinani ulioanza mwaka 2015, ambao uliwaunganisha walio ndani ya mita 600 kutoka kwa transfoma kwa shilingi 15,000, uliibadilisha Gusii haraka. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 957 kwa kila kilomita mraba Kisii na 675 Nyamira. Kwa ujirani wa namna hiyo, mita 600 ni kijiji kizima na ukoo wake. Waya zilirefushwa, nyumba zikaongezwa, na kwenye laini nyingi mwenye nyumba ya mwisho hupata mabaki. Saa moja jioni, birika na pasi zote zikiwa zimewashwa, balbu yake huwa ya manjano.

Imani iliyoenea ni kwamba stima kidogo ndiyo iliyoiua runinga. Kwa jokofu, ambalo lina mota, imani hiyo ina msingi. Kwa runinga, sikubaliani nayo. Geuza runinga usome kibandiko cha nyuma: nyingi zimeandikwa volti 100 hadi 240. Sakiti yake ya umeme hujirekebisha yenyewe, na volti 160 hazitaidhuru, ingawa itavuta mkondo zaidi na kupata joto. Kinachoua ni kinyume chake, umeme uliozidi. Stima ikikatika kijiji kizima na kurudi ghafla, mitetemo ya kwanza huja na vilele virefu. Mbaya zaidi ni nyutro, ule waya wa kurudishia umeme, kukatika au kulegea kwenye nguzo. Hapo nyumba iliyopaswa kupata volti 240 hujikuta ikigawana volti 415 na jirani aliye kwenye fezi nyingine, na asiyekuwa amewasha vitu vingi ndiye anayebeba sehemu kubwa. Usiku mmoja wa nyutro huru unaweza kuunguza runinga, chaja na balbu za boma zima. Dalili yake ni balbu kung'aa kupita kawaida huku za jirani zikififia. Ukiiona, zima swichi kuu kwanza, mengine yafuate.

Kifaa cha kulinda, ambacho watu hukiita tivi gadi, kinasaidia kwa mambo mawili hayo. Hukata umeme ukipita kiwango, na ukirudi huchelewesha kidogo kabla ya kuuruhusu. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na runinga, na bado ndicho kitu cha kwanza ambacho mnunuzi hukikataa ili aongeze inchi. Ningemshauri kinyume: inchi 32 yenye gadi kuliko inchi 43 isiyo nayo. Sharti gadi iwe ya kweli. Zipo zinazouzwa zikiwa na taa tatu za rangi na hazina kitu ndani zaidi ya waya, na fundi anaweza kuifungua akakwambia kwa dakika mbili kama ina rilei, ile swichi inayokata umeme. Pia haisaidii kuchomeka gadi kwenye ekstensheni iliyolegea inayotoa cheche. Zile cheche zenyewe ni maradhi.

Lakini gadi haizuii radi, na hapa jiografia ina neno. Mchana upepo wa Ziwa Victoria hupanda nyanda za juu, hukutana na pepo za mashariki, na alasiri mawingu hujengeka juu ya Kisii, Nyamira na Kericho. Bonde lote la ziwa hili liko miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani. Kericho, jirani ya Nyamira, inajulikana kwa wingi wa siku zake za mvua ya mawe. Mpango huo wa hewa hauna habari na ratiba ya vipindi vya jioni. Radi haihitaji kuipiga nyumba yako. Ikipiga nguzo au mti wa jirani, waya zote ndefu zilizo karibu hupata msukumo wa umeme, na nyumba yenye runinga ina waya mbili ndefu zinazotoka nje: wa stima na wa antena. Hata kama gadi ingeufunga mlango mmoja, wa pili ungebaki wazi, tena ule uliopandishwa juu ya mti.

Mafundi huitambua runinga iliyopigwa kupitia antena. Sehemu ya umeme ni nzima, taa za nyuma ni nzima, lakini tyuna haipati kitu, au tundu la HDMI lililokuwa limeunganishwa na king'amuzi limekufa, au bodi kuu yote imenyamaza. Mara nyingine king'amuzi ndicho kilichotangulia, kikaurithisha mshtuko kwa runinga kwa kebo ya HDMI. Kinga ya uhakika ni ya mikono: mawingu yakianza kunguruma, chomoa plagi na chomoa waya wa antena, vyote viwili, na usingoje radi ifike juu ya paa ndipo uanze kuushika waya huo. Kuzima kwa rimoti si kuchomoa. Nyumba nyingi pia zina soketi za matundu matatu zisizokuwa na erthi inayofika ardhini, au fimbo yake ilipigwa juujuu wakati wa kupitisha ukaguzi. Kumlipa fundi wa stima apime erthi ni matumizi ambayo hayaonekani sebuleni, na kwa hiyo huahirishwa mwaka baada ya mwaka.

Ukitaka ushahidi kwamba mahali huua kuliko jina, ikumbuke Greatwall, ile runinga ndogo ya rangi mbili, nyeusi na nyeupe, iliyotawala vijijini Kenya kabla ya stima kufika. Wazee huisifu kwamba ilikaa miaka ishirini. Ilikaa, kweli, lakini vijijini haikuwahi kuonja laini ya stima. Ililishwa na betri ya gari ya volti 12 iliyobebwa kwenda kuchajiwa sokoni, na iliwashwa wakati wa habari na kipindi kimoja baadaye, basi. Kioo chake kilikuwa kinene na sehemu zake zilikuwa chache na kubwa kiasi cha fundi kuziona kwa macho. Jambo linalofanana linaonekana kwa runinga za sola ambazo kampuni kama M-KOPA zilianza kuzikopesha mwaka 2016. Nazo hula volti 12 kutoka kwa betri, ziko mbali na nyutro ya mtu yeyote, na zinapoharibika mara nyingi betri ndiyo iliyochoka.

Nyumba yenyewe pia ina wadudu. Bodi ya umeme ya runinga huwa na joto la kupendeza usiku wa baridi wa Nyamira, na mende na sisimizi hulifuata kupitia matundu ya hewa. Kinyesi na mizoga yao huunganisha njia ambazo hazikupaswa kuunganishwa. Ukuta wa udongo wenye unyevu, au moshi wa jiko lililo chumba cha pili, hufanya kazi hiyo hiyo polepole kwa kutu na masizi. Runinga isibandikwe kabisa ukutani. Iachiwe nafasi ya vidole vinne nyuma. Kitambaa cha kufumwa kinachotandazwa juu yake, urithi wa enzi za runinga za mgongo, kiondolewe wakati imewashwa. Najua kina mama hawatapenda.

Garantii, je? Katiba ya 2010, kwenye kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, na Sheria ya Ulinzi wa Wateja ya 2012 imeongeza nguvu. Lakini soma karatasi ya garantii yenyewe. Kwa kawaida huondoa radi, umeme uliozidi, maji, wadudu, na kioo kilichopasuka. Kwa maneno mengine, inakukinga dhidi ya kasoro za kiwanda na kuondoa karibu kila kitu kinachoua runinga Gusii. Kasoro za kiwanda zipo, hasa zile taa za nyuma, na hapo dai haki yako bila aibu. Weka risiti na usimruhusu fundi wa mtaani kufungua skrubu kabla muda haujaisha, kwa sababu kibandiko kilichochanika ndicho kisingizio cha kwanza. Kwa mengine yote uko peke yako.

Uko peke yako, na fundi. Kuhusu kutengeneza au kununua mpya, hesabu si ngumu kama inavyofanywa. Taa za nyuma, kapasita zilizovimba, fyuzi, bodi ya umeme: tengeneza. Bodi kuu: uliza bei, kwani Luthuli Avenue jijini Nairobi kuna bodi zinazoweza kuwekwa kwa karibu kila kioo, ingawa runinga iliyokuwa na intaneti inaweza kurudi ikiwa ya kawaida. Mistari kwenye kioo: usitumie pesa nyingi. Kioo kilichopasuka: uza, lakini usiuze kwa bei ya chuma chakavu, maana bodi na taa zake ni spea kwa runinga ya mtu aliyepigwa na radi. Soko la Kisii la mafundi huzungushwa na biashara hiyo. Aliyeanguka na bodaboda humtengenezea aliyepoteza bodi, na fundi mwenye rafu zilizojaa mizoga kwa kawaida ndiye atakayekurudishia runinga siku hiyo hiyo badala ya kukwambia usubiri kifurushi cha Nairobi.

Runinga za intaneti zimeleta kifo kipya ambacho hakina dalili kwenye picha kwa muda mrefu. Huwaka, huonyesha nembo ya kampuni, na kubaki hapo. Chipu ya kumbukumbu inayobeba mfumo wake imechoka kwa kuandikwa na kufutwa, au stima ilikatika katikati ya kujisasisha. Fundi mwenye kompyuta na faili sahihi huweza kuiandika upya. Asiye nayo hubadilisha bodi. Na hata ikiwa nzima, programu zake hukoma kuungwa mkono baada ya miaka kadhaa, YouTube ikakataa kufunguka huku kioo kikiwa safi. Hilo si la kuitupia runinga. Kijiti cha HDMI au king'amuzi chenye intaneti kitairudishia macho, na ndiyo sababu anayenunua leo angehesabu matundu ya HDMI kabla ya kuhesabu programu: mawili ni heri kuliko moja, na matatu, kwa mtu anayeishi mahali ambapo radi inaweza kuchukua moja, si anasa.